Kifuko cha Majani Kisimani

Nianze na ujinga wenyewe, usije ukadhani baadaye kwamba nilikuwa mtoto wa maana. Niliiba kifuko cha majani yaliyooza kwenye msitu wa mipaini, nikakizamisha katika kisima ambacho kitongoji kizima kilikuwa kinakunywa maji yake, kwa sababu moja tu: nilitaka kumsikia mwenzangu Lameki akilia kama mbuzi. Watu wazima wakiniuliza kwa nini, huwa wanangoja niseme kitu kikubwa. Sina. Ndiyo hiyo.

Nimekumbuka kwa sababu ya harufu. Juzi hapa shuleni Makambako mwalimu wa zamu alitupa adhabu ya kuzibua mfereji wa paa la bweni, uliojaa majani ya mikaratusi tangu mvua zilizopita. Nilipoingiza mkono yakatoka maji meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na harufu ikanipanda puani: uchachu, utamu kidogo, na ubaridi fulani kama ghala la viazi lililovujiwa. Wenzangu wakaanza kurushiana matope. Mimi, ambaye kwa kawaida ndiye mwanzilishi wa upuuzi wa namna hiyo, nikashuka ngazi nikakaa chini.

"Mwiteni matroni," mmoja akasema. "Daudi amenyamaza. Huyu anakufa."

Sikuwa ninakufa. Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Njombe, kwenye ule ukungu unaokaa bondeni hadi saa nne asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Kwetu ni baridi. Watoto tulivaa sweta hata kanisani, chini ya shati la Jumapili, tukaonekana wote tumenenepa kwa neema ya Bwana. Juu kilimani kulikuwa na mipaini, safu kwa safu, na ndani yake upepo ulivuma hata siku ambayo nje hakuna upepo. Chini kulikuwa na kisima, na kuzunguka kisima vinyungu, yaani bustani za bondeni ambazo watu wetu hulima wakati wa kiangazi kwenye udongo mweusi usiokauka. Kila nyumba ilikuwa na kinyungu chake. Kilichostawi kuliko vyote kilikuwa cha Bibi Anyesi.

Bibi Anyesi hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani, mjane, mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Siri ya kinyungu chake ilikuwa pipa. Alikusanya majani ya alizeti pori, ya miti ya miwati, magugu, chochote kilichoacha kuishi, akayashindilia kwenye kiroba, akakizamisha pipani na kukiwekea jiwe juu. Baada ya wiki kadhaa maji yalikuwa meusi tii na kunuka. Hayo ndiyo aliyonywesha kabichi zake, kwa kopo, shina kwa shina, akizisemesha Kibena. Na kabichi zikasikia. Zilikuwa na vichwa ambavyo mtoto hawezi kuvikumbatia.

Kinyungu kilichofuata kilikuwa cha Baba Lameki. Yeye alinunua mbolea ya dukani, na kabichi zake zilikuwa kama ngumi.

"Yule mama anavuta," Baba Lameki alizoea kusema. "Mbolea naweka mimi, zinanenepa za kwake."

Watu walicheka aliposema hivyo. Siku hizo walicheka.

Mimi nilimpenda Bibi Anyesi kwa sababu alikuwa mtani wa kweli. Nilimuuliza siku moja, "Bibi, ndani ya pipa kuna nini?"

"Kuna mtoto aliyeuliza maswali," akanijibu bila kuinua kichwa. "Amebaki vifungo tu."

Niliipenda sana hiyo. Nikaisambaza kama peremende. Nilimwambia Lameki, nikawaambia wote darasani, kila safari nikiiongezea chumvi, hadi vifungo vikawa na kola na kola ikawa na jina. Lameki alikuwa mkubwa kwangu kwa darasa moja, na sifa yake ilikuwa kwamba haogopi chochote. Alidai aliwahi kumzaba nyoka kofi. Lakini baada ya habari za vifungo alianza kupita mbali na pipa lile.

Kisha akaja Dada wa Vifuko. Jina lake hatukulishika. Alikuwa msomi kutoka chuo cha mbali, mwenye buti kubwa na kicheko kidogo, na mwenyekiti wa kitongoji alimruhusu afanye kazi yake katika mipaini. Uliitishwa mkutano wa kumtambulisha, lakini ilikuwa msimu wa kuvuna viazi, na waliohudhuria ni mwenyekiti, mbwa wake, mimi na Lameki. Mimi na Lameki tulifuata soda. Hazikuwepo.

Tulimfuata mpaka msituni tukajificha. Alikuwa amechuchumaa, analaza chini vifuko vya wavu mweupe vilivyojaa majani makavu, kila kimoja kikiwa na kamba nyekundu na kipande cha bati kilichogongwa namba.

"Njooni," akasema bila kugeuka. "Hilo sweta la bluu nimeliona tangu asubuhi."

Tukatoka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Unazika nini?" nikauliza.

"Siziki, nalaza. Ni majani tu. Nimeyapima uzito. Mvua ikishayanyeshea nitayapima tena nijue kilichotoka ni nini na kimekwenda wapi."

"Kwani yana miguu?"

Akacheka. "Ukitia majani ya chai kwenye maji, rangi si inatoka yenyewe? Basi jani lililoanguka ni hivyo hivyo. Chakula kingine cha mti kinatoka na mvua za kwanza tu. Kingine kinang'ang'ania mpaka jani lenyewe lisagike. Na humo humo kuna mabaki ya mionzi, kidogo sana. Yako dunia nzima, yaliletwa na upepo na mvua zamani, mataifa makubwa yalipokuwa yanajaribu mabomu yao huko mbali. Mti haujui. Unayavuta kama chakula, unayapeleka kwenye jani, jani linaanguka, mvua inayatoa, na mizizi inayavuta tena. Mvua haichagui."

"Kwa hiyo hapa kuna mionzi?" Lameki akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa.

"Hata mashine yangu inahangaika kuisikia. Lakini vifuko msiguse."

Sasa niko kidato cha tatu, najua alichotuambia. Maelezo mazuri kabisa, hata mwalimu wetu wa fizikia hayafikii. Lakini mtoto hasikii maelezo. Sisi tulisikia maneno mawili: mionzi, msiguse. Tulipokuwa tunashuka, Lameki akanieleza mionzi ni nini, maana kaka yake alikuwa utingo wa malori hapa Makambako na utingo hujua kila kitu. Mionzi haionekani, akasema. Hainuki. Inaingia kwenye mfupa, na mfupa unayeyuka taratibu kama mshumaa, mpaka siku moja unasimama kumsalimu mtu unabaki ngozi. Alitetemeka aliposema hivyo. Na mimi, badala ya kutetemeka naye, nikaona nafasi.

Mvua zilipokuwa zimeyanyeshea majani yale wiki kadhaa, Jumamosi moja nilipanda kilimani peke yangu, nikavaa mfuko wa plastiki mkononi kama daktari, nikang'oa kifuko kimoja. Majani yalikuwa yameshakuwa meusi na laini. Nikakipeleka kisimani, nikakifunga kwa kamba yake nyekundu chini ya jiwe, mahali ambapo Lameki huchovya ndoo. Nikajificha nyuma ya matete kungoja kilio cha mbuzi.

Lameki hakuja. Kumbe mchana ule ule alikuwa amepakiwa kwenye gari la viazi kwenda likizo kwa kaka yake. Wakaja kina mama kufua, wakakaa, wakasengenya mpaka jua likazama. Kesho yake ibada, halafu mvua. Niliporudi na ndoo Jumatatu, ukungu ulikuwa umeshuka juu ya maji, na chini ya jiwe niliona uzi mwembamba wa rangi ya kahawia ukitoka kwenye kifuko. Ulijinyoosha taratibu, ukakunjuka, ukapotea ndani ya maji tuliyokuwa tunakunywa. Nilinyoosha mkono nikaurudisha. Ujasiri wote ulikuwa kwenye ule mfuko wa plastiki, na mfuko nilikuwa nimeshautupa.

Nikateka upande wa pili. Nikaenda kucheza na wenzangu. Nikafanya watu wacheke siku nzima.

Juma lile Zawadi akaanza kuumwa. Zawadi alikuwa mdogo wake Lameki, hata shule alikuwa bado, mwenye kucheka kwa kelele na kupenda kuning'inia shingoni mwangu. Ikawa homa, ikawa tumbo, akatapika mpaka akawa hatoi kitu. Mama alikwenda kumwona, akarudi akakaa mbele ya jiko la mkaa bila kuvua kanga ya begani. "Yule mtoto amekuwa mwepesi," akasema. "Nimemwinua kama kikapu kitupu."

Sikula viazi vyangu. Nilijua kwa nini ni mwepesi. Mifupa ilikuwa inayeyuka. Nilijibonyeza mkono wangu mwenyewe hapa na pale kuhakikisha kwamba ndani bado kuna kitu kigumu.

Mama Lameki ndiye aliyekiona kifuko. Alisikika akipiga yowe tangu bondeni, na tulipofika alikuwa amekishika kwa ncha ya fimbo. Maji meusi yalikuwa yanachuruzika. Kamba nyekundu. Bati lenye namba: kumi na moja.

Kisha mwanaume mmoja akauliza, "Namba ya nini hiyo?"

"Ya kaya," mwingine akasema. "Kaya zinazoteka hapa ni ngapi?"

Wakahesabu. Zikawa kumi na tatu. Wakahesabu tena, wakatoa ya mwalimu kwa kuwa ana bomba, wakatoa ya mzee aliyehamia kwa mwanawe. Zikawa kumi na moja. Niliona nyuso zikibadilika. Mimi pia nilishtuka, na kifuko nimekileta mwenyewe!

"Majani yaliyooza," Baba Lameki akasema polepole. "Kwenye mfuko. Ndani ya maji. Hapa kitongojini nani anafanya hivyo?"

Kifuko kile kilikuwa mtoto halisi wa kiroba cha Bibi Anyesi.

Mwenyekiti, ambaye angeweza kueleza, alikuwa Njombe mjini kwa matibabu ya mguu. Lameki alikuwa Makambako. Dada wa Vifuko alikuwa chuoni kwake. Waliobaki wanajua ni mimi na yule mbwa wa mwenyekiti.

Waliondoka bondeni kwa mwendo wa kawaida, na hilo ndilo lililonitisha. Watu wenye hasira hukimbia. Hawa walitembea kama wanaokwenda shambani, wakipita majumbani kuchukua vitu. Mmoja panga, mwingine fimbo. Kijana mwenye pikipiki akatoka na dumu lake la petroli, akalishika kwa utulivu, kama mtu aliyetumwa dukani.

Bibi Anyesi alikuwa uani anachambua maharage. Akainua macho. "Kamwene," akawasalimu. Hakuna aliyeitikia. Kwetu salamu haikosi mwitikio hata kwa adui. Akaweka ungo chini.

"Mnataka kabichi au mnataka mimi?"

"Zawadi umemfanya nini?" Baba Lameki akauliza. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona mwanaume wa kwetu akilia.

"Zawadi mgonjwa, mpelekeni hospitali. Mimi ni daktari?"

Wakamwonyesha kifuko. Akakitazama, akasema si chake. Wanaume wawili wakalisukuma pipa lake, likaanguka, yale maji meusi yakatapakaa uani na kuteremka kwenye mfereji. Kila mtu akaruka pembeni yasimguse.

"Alisema mwenyewe!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Alisema humo ndani kuna mtoto, amebaki vifungo! Watoto wote wanajua!"

Maneno yale yalikuwa yangu. Yalikuwa yamezunguka kitongoji kizima, yakarudi bila kicheko, yameacha sumu tu. Bibi Anyesi akageuka, akanitafuta kati ya watu, akanipata. Hakusema jina langu. Alinitazama tu, na midomo yake ikajaribu kutabasamu ikashindwa.

Kijana wa pikipiki alikuwa anafungua kifuniko cha dumu.

"Ni mimi," nikasema. "Kifuko nimeweka mimi."

Na unajua walifanya nini? Walicheka. Si wote, lakini walicheka. "Daudi, si leo," mtu akasema. "Mtoto wa watu anakufa, wewe unaleta vichekesho." Nikarudia. Nikaambiwa ninyamaze au nitakula kofi. Nilikuwa nimesema uongo wa kuchekesha kwa miaka mingi sana, na siku moja niliyoleta ukweli, sura yake ilikuwa ile ile.

Nikakimbia. Nilipanda kilima kile huku kifua kinawaka, nikaingia kwenye mipaini, kwenye ule upepo wake, nikaanza kung'oa vifuko kwa mikono mitupu. Vyenye majimaji, vyenye minyoo, vyote. Nilikuwa nalia, nikiamini kwamba kila ninachoshika kinaingia kwenye mfupa. Nikavikumbatia kifuani na kushuka navyo, maji meusi yakilowesha sweta hadi kwenye ngozi. Walikuwa bado wanambana Bibi Anyesi akiri kabla dumu halijamwagwa; nikapenya katikati ya watu nikavibwaga miguuni mwa Baba Lameki. Kamba nyekundu zilitapakaa kama utumbo.

"Viko vingine kule," nikasema. "Ni vya yule dada wa chuo. Mwenyekiti anajua. Cha kisimani nilikiiba nimtishe Lameki."

Baba Lameki akainama. Akageuza bati moja. Ishirini na nne. Lingine. Tatu. Lingine. Akaendelea kugeuza, akisoma kwa sauti ndogo, kama anayetafuta jina la mtu wake kwenye makaburi. Mtu nyuma akauliza, "Sasa hizi nazo ni za kaya gani?" Hakuna aliyecheka.

Hapo mama yangu akatoka kati ya wanawake. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa kijana wa pikipiki. "Petroli unayo," akamwambia. "Itie kwenye pikipiki, umpeleke Zawadi hospitali. Baba Lameki, mbebe mwanao."

Wakaenda. Waliobaki wakatawanyika mmoja mmoja, wakitazama chini, bila kusema pole. Hata mmoja. Zawadi alikutwa na vijidudu vya maji machafu tumboni, akalazwa, akapona. Ng'ombe walikuwa wananyea juu ya kisima kile miaka yote, na hakuna aliyewahi kuwabebea panga. Dada wa Vifuko alirudi akakuta kazi yake imekuwa lundo la majani, akakaa kwenye kisiki muda mrefu. Aliniambia kifuko kimoja cha majani kisimani hakingemdhuru hata chura. Bibi Anyesi alibaki kitongojini, lakini pipa hakulijaza tena, na kabichi zake zikawa kama ngumi, kama za wengine.

Hayo yalikuja baadaye. Mchana ule nilimfuata mama nyumbani nikiwa nimelowa, nikisubiri fimbo. Hakuishika. Alinivua sweta, akaninawisha mikono kwa sabuni ya kufulia, kidole kwa kidole. Kisha akanipa ndoo, na juu ya ndoo akaweka kikombe.

"Nenda kisimani," akasema. "Mtekee Bibi Anyesi maji ya kupikia. Ukifika kwake, kunywa kwanza wewe, kikombe kizima, akuone."

Nikaiweka ndoo chini. "Mama," nikasema, "yale maji yana mionzi."

Mama alikuwa ameshageuka kuchochea mkaa. Hakugeuka tena. Akasema:

"Bibi yako nusura achomwe moto kwa sababu ya hayo maji. Kunywa. Yasipokuua, kesho utampelekea tena."